Mabuti Yana Kazi

King'ora cha kiwanda kilikuwa saa yetu, Walukuba.
Kikilia mara ya kwanza, mama anainjika uji;
kikilia mara ya pili, baba keshafunga kamba,
kulia kwanza, kushoto baadaye,
na vishindo vyake vinapita uchochoroni
vikilitangulia jua.

Kisha kiwanda kikanyamaza.
Mwezi wa kwanza tulisema: mashine zinatengenezwa.
Mwezi wa tatu mlinzi alipanda mahindi langoni.
Mwezi wa sita tulimsaidia kuyavuna.

Baba bado huamka saa kumi na moja na nusu,
hukaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini,
kama mtu aliyeitwa jina
asijue nani kaita.
Mama hujifanya amelala.
Nami hujifanya sijui kwamba mama anajifanya.

Tuliuza redio.
Tukauza kitanda cha wageni,
maana wageni nao hawana nauli.
Mita ya umeme ilimeza shilingi ya mwisho
ikafumba jicho lake jekundu.
Barua ya ada kutoka shuleni mama aliikunja,
akaikunja tena, akaisokomeza chini ya mguu wa meza;
na meza, kweli, iliacha kuyumba.

Ndipo akaja Okumu wa mlango wa nne.
Kapata kibarua cha kukata miwa upande wa Kakira,
na msimamizi hapokei mtu mwenye ndala.
Akayatazama mabuti ya baba pale kizingitini,
yamepakwa rangi, yanang'aa, hayana pa kwenda.
"Elfu mbili kwa siku, Asiku," akasema, macho chini.
Baba alikohoa.
Kikohozi kile ndicho kilichokuwa ndiyo.

Tangu hapo mabuti yana kazi.
Huondoka alfajiri, hurudi magharibi
na udongo mwekundu, na masizi ya miwa iliyochomwa.
Baba huyapokea mlangoni,
huyakwangua tope kwa kijiti,
hutia mkono ndani,
akapima joto la jasho la mwenzake.
Elfu mbili: unga nusu kilo,
dagaa wa mia tano, kiberiti,
na chenji isiyotosha hata sabuni.
Usiku mmoja Ayikoru, mdogo wangu wa miaka mitano,
alisema huku akilamba vidole:
"Leo mabuti yametuletea dagaa."
Tukanyamaza sote.
Kisha baba akacheka, peke yake,
kwa muda mrefu mno.

Jumanne iliyopita kulikuwa na habari:
ghalani Masese wanataka watu sita
wa kupakua saruji, leo leo, kabla ya saa tatu.
Baba alitoka mbio na ndala zake,
moja ya bluu, moja ya kijani.
Alifika wa nne. Wa nne!
Mlinzi akaanza kumkagua kutoka chini,
wala hakufika juu.
"Bila mabuti, mzee, huingii."
Wa saba akaingia, mwenye mabuti ya kuazima.
Baba alirudi kwa njia ndefu ya relini
ili mchana upungue.

Jioni Okumu akaleta mabuti, na elfu mbili juu yake.
Baba hakutamka neno Masese.
Aliyasafisha mpaka kwenye nyuzi za ushoni,
na usiku, alipodhani tumelala,
nilimsikia akiyavaa gizani.
Hatua moja. Hatua ya pili.
Akakaa.
Yalikuwa yanambana ubavuni,
yameshaanza kujifunza mguu mwingine.

Alfajiri, king'ora kimya vilevile,
Okumu akabisha hodi.
Baba alikuwa tayari mlangoni,
peku juu ya saruji baridi,
jozi mkononi.
"Hili la kushoto," akamwambia,
"kamba yake hulegea.
Funga mara mbili."